Macho ya Shangazi Makereta

Kila asubuhi, baada ya chai na mihogo ya kuchemsha, Shangazi Makereta alimbandika Vasiti plasta juu ya jicho zima, ili lile lenye makengeza lilazimike kufanya kazi. Vasiti, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliishi naye mjini Nadi tangu alipofiwa na wazazi.

Akifika kwenye shamba la miwa njiani kwenda shuleni, Vasiti aliibandua plasta na kuitia mfukoni, akaibandika tena wakati wa kurudi. Hakutaka kuitwa haramia shuleni. Hata hivyo, bila plasta wenzake walimwimbia, "Jicho moja Nadi, jingine Suva!", mji ulio ng'ambo ya pili ya kisiwa.

Shangazi naye alikuwa na makengeza. Utotoni hakupata wa kumpeleka kliniki.

Jumamosi moja hoteli ilimwita kwa ajili ya kazi ya mapokezi. Meneja alikuwa amezungumza naye kwa simu, akamsifu sana. Shangazi alipiga pasi gauni la kanisani, akaenda na Vasiti.

"Bula, bwana," alisalimu.

Meneja aligeuka kutazama nyuma yake. "Unamsalimu nani?"

"Wewe, bwana."

Wasichana wa mapokezi wakaziba vinywa vyao.

"Dada, nafasi imeshachukuliwa," meneja alisema.

"Si jana uliniambia ipo?"

"Mgeni akisimama hapa anataka kujua kwamba anatazamwa yeye. Ila kule nyuma tunahitaji mfuaji wa mashuka. Huko huonani na wageni."

Nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuleta chakula. "Nianze lini?" Shangazi akauliza.

Njiani Vasiti aliangua kilio. "Shangazi, ile plasta huwa naitoa. Kila siku."

Shangazi alisimama. "Kila siku? Mimi nabandika, wewe unabandua?"

"Wananicheka!"

"Na mimi je? Si umeona mwenyewe?"

Shangazi akampeleka kliniki, ambako Muuguzi Losalini, aliyewapa ile plasta, alipima jicho la Vasiti, akatikisa kichwa. "Limedhoofika. Muda bado upo, lakini si mwingi." Kisha akamgeukia Shangazi. "Madaktari wa upasuaji wanakuja mwakani. Hata macho ya mtu mzima hunyooshwa."

Vasiti akaivaa plasta. Wenzake hawakuacha kumcheka. Siku nyingine aliivaa huku analia.

Mwaka uliofuata wote wawili walipasuliwa, macho yakanyooka. Hata hivyo, uwezo wa jicho la Vasiti haukurudi wote. Shangazi akamwendea meneja yuleyule, akapewa kazi ya mapokezi siku hiyohiyo. Meneja hata hakumkumbuka mfuaji wake wa mashuka.

"Wamekukubali, Shangazi!" Vasiti alishangilia.

Shangazi hakutabasamu. "Kazi hii niliiweza tangu siku ile, mwanangu. Wewe ukipewa dawa, itumie, na ikikushinda useme ukweli mapema. Na siku ukikalia kiti cha kuajiri watu, mwache mtu amalize kusema kabla hujamhukumu kwa sura yake."

Vasiti aliitikia kwa kichwa, akaenda kumsaidia kuvua viatu vya kazi.