Rauta Aliyoifunga Wazir

"Basi niambie mtandao unakwenda wapi," Hussam alimwambia mamake. "Kila Magharibi, mama. Humu ndani kuna mtu anazungumza na mtu."

"Kata maneno hayo. Mke wa nduguyo yuko edani."

"Ndiyo maana nayasema."

Nilikuwa nimesimama kizingitini na birika la maji ya kutawadhia, sijui niingie au nirudi. Mke wa nduguye aliyekuwa akisemwa ni dada yangu, Mwanamkisi.

Mumewe, Wazir, alikuwa fundi wa kufunga intaneti majumbani. Alianguka kutoka juu ya paa kule Shela, waya ungali mkononi, na akazikwa siku ile ile. Tangu hapo dada alikaa eda ya kufiwa katika chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya wakwe zake hapa Mkomani. Hajipaki wanja. Hajitii manukato. Haonani na mwanamume yeyote anayeweza kumuoa, hata Hussam. Simu yake alimkabidhi mkwewe, Bi Ghada, kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi nilikuwa hapa likizoni kutoka Tchundwa siku ile, nikabakizwa nikae naye. Nilikuwa kidato cha pili. Walisema ni kwa muda tu. Sasa hakuna anayetaja shule, na mimi naona haya kuuliza mambo yangu mbele ya msiba wa mwenzangu.

Hussam anawatafutia wageni nyumba za kulala, na kazi yake yote iko kwenye kompyuta. Mchana mtandao ulikwenda vizuri. Ikiadhiniwa Magharibi, unalegea. Nyuso za wageni zinaganda midomo wazi. Sauti zinakatika katika, kama za watu walio chini ya maji. Ikifika Isha unarudi, kama kwamba hapakuwa na kitu.

Alisema akithibitisha, atamrudisha dada kwa baba yetu kabla eda haijaisha, na sababu ataitaja. Kwetu Tchundwa sababu kama hiyo ingefika kabla ya boti. Dada asingeinua uso tena maisha yake yote.

Kisha akanigeukia mimi.

"Asmaa, wewe ulikuwa ukimsaidia marehemu kila likizo. Tafuta."

Nilikubali upesi. Nilidhani ni njia ya kumsafisha dada.

Siku ya pili nilianza asubuhi, na yale niliyomwona Wazir akiyafanya. Nilizima rauta, nikasubiri, nikawasha. Nikaitoa kwenye kidaka cha ukutani alikoiweka, nyuma ya sinia la shaba, kwa sababu kuta zetu za mawe ni nene na shaba nayo inaziba. Nikabadilisha waya. Nikapiga simu kwa kampuni. Wakasema laini inafika nzima mpaka kwetu. Mwisho, jioni, nikabadilisha neno la siri, na papo hapo vijana waliokuwa wamekaa barazani nje wakaanza kulalamika.

"Bi Asmaa," mmoja aliita dirishani, "si ungetuambia tu tuhame mtaa."

Bi Ghada alicheka. Na mimi nilicheka. Tulikuwa tumewapata wezi wetu, nami nikaenda mpaka chumbani kumwambia dada kwamba yamekwisha. Alinitazama tu, kisha akatazama dirisha, mwanga ulivyokuwa ukipungua.

Ikaadhiniwa.

Mtandao ukalegea.

Nikamwomba Hussam azime kompyuta na simu yake. Nikazima ya Bi Ghada. Ile ya dada, kabatini, niliikuta imezimika siku nyingi. Kwenye rauta kuna taa moja ya kijani ambayo haichezi mpaka kitu kiwe kinapita. Kila kitu kilikuwa kimezimwa. Taa ile ilipaswa kutulia.

Ilikuwa ikicheza mbio mbio...

Niliinama kuishika. Ilikuwa ya moto. Nilitarajia harufu ya plastiki inayoungua.

Haikuwa hiyo.

Ilikuwa karafuu maiti. Harufu ile ile iliyojaa nyumba siku walipomwosha Wazir.

Nilimtazama Hussam. Sijui kama aliisikia. Macho yake yalikuwa kwenye taa, kisha kwenye mlango wa dada.

"Ana simu nyingine," alisema. "Nenda kampekue."

Nilimtazama Bi Ghada anikataze. Aligeuza uso ukutani, akaendelea na tasbihi.

Nikaenda.

Dada alikuwa juu ya msala. Sikumsubiri atoe salamu. Niliinua godoro. Nikafungua kasha lake, nikakung'uta nguo moja moja, hata zile ambazo mtu hapendi zikaonekana na mwingine. Alipomaliza kusali alikaa akinitazama. Kisha akasimama, akafungua leso aliyojifunga, akaitikisa mbele yangu. Akabaki na kanzu nyepesi tu, amekonda mpaka mabega yanachomoza.

Hapakuanguka kitu.

"Asmaa," alisema polepole. "Hata wewe?"

Nilitazama chini. Nilitamani ardhi ipasuke niingie humo na haya yangu.

Ndipo nikasikia.

"...nani... sikia... una..."

Sauti ya mwanamume. Ilikatika katika, kama sauti za wageni wa Hussam. Ilitoka upande wa kitanda, nyuma ya chandarua. Nyuma ya chandarua kulikuwa na ukuta tu. Dada alikuwa amejitanda ile leso upya mpaka puani, kwa hivyo midomo yake sikuiona, na siwezi kuapa kwa lolote.

Nilitoka mbio mpaka kwenye rauta, nikang'oa waya ukutani. Taa zote zikafa. Nikasimama nao mkononi, nikingoja sauti nayo ife.

Sauti ikasafika.

Haikukatika tena. Ilipita ukuta ikaja mpaka ukumbini, ya chini, ya upole, kama mtu anayezungumza na mkewe baada ya kazi. Maneno sikuyapata. Kikohozi nilikipata. Kile kikohozi kifupi cha Wazir, kabla hajacheka.

Hussam akainuka.

"Umesikia, mama? Mwanamume. Ndani ya nyumba ya ndugu yangu."

Bi Ghada alimshika kanzu. Tasbihi ilikuwa imemwanguka. "Kaa, mwanangu. Aliyezikwa harudi. Huyo ni karini wake. Jini aliyezaliwa naye, akakaa naye umri wote. Anaijua sauti yake, anakijua kikohozi chake. Mwenyewe amekwenda, huyo amebaki. Usimfuate."

"Karini halili mtandao wa watu, mama."

Alijinasua, akashika ndia ya chumbani. Nilimfuata. Nilitaka kumwambia kwamba nimepekua kila mahali na hakuna simu, kwamba dada yangu hakufanya kitu, kwamba amebaki na kanzu nyepesi na leso tu kwa sababu yangu. Harufu ya karafuu maiti ilikuwa imejaa ukumbi mzima, inachoma macho.

Tulipofika, mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani nilimsikia dada akinong'ona, haraka haraka, kama mtu aliyezoea kunong'ona.

"Nyamaza... wapo nje. Watakusikia."

Nikajua hapo kwamba hakushangaa kama sisi. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Alikuwa akituficha, au akimficha, na kila siku nilipomletea uji alikula akinitazama hivyo hivyo.

Eda imekwisha sasa, kwa hesabu ya watu wote. Bi Ghada alimwandalia nguo mpya na maua ya asumini, akamwambia atoke. Hajatoka. Baba alikuja kumchukua, akalia mlangoni, akarudi peke yake. Hakuna tena anayemsema vibaya hapa Mkomani. Hakuna tena anayemsema kabisa. Chakula namwekea kizingitini, na sithubutu kuinua uso, kwa kuwa mimi ndiye niliyemvulisha leso yake.

Lakini jioni ile nilikuwa bado na tumaini. Hussam aliweka kiganja kwenye ubao wa mlango, asukume. Minong'ono ikakoma. Kitu kikasogea kwa ndani, taratibu, mpaka kikasimama nyuma ya mlango, pumzi zake zikisikika kimo kile kile cha Hussam. Na ile sauti ikasema, bila hasira, kama kaka mkubwa anayemfunza mdogo wake adabu:

"Piga hodi, Hussam. Humu ndani mna mke wa mtu."