Fundi wa Makochi na Somo la Dakika Kumi

Mimi ni fundi wa makochi. Kazi naifanyia barazani kwangu, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo sina wa kugombana naye, kwa hiyo nagombana na wakubwa. Wakubwa wa maji, wa barabara, wa shule, wote nawasema. Hawanisikii, lakini roho yangu inatulia.

Jumamosi moja binti yangu alitoka chumbani akiongea kwa pua.

"Una mafua?" nikamwuliza.

"Hapana, baba. Najifunza kuongea kama wao."

Binti yangu ni mwalimu wa Kiingereza. Ana cheti, na amefundisha miaka sita. Aliomba kazi katika shule moja ng'ambo. Jibu likaja siku hiyohiyo: wanataka waliozaliwa na Kiingereza tu. Hawakumsikia hata neno moja. Waliangalia alikozaliwa, basi.

"Wakubwa ni walewale, hapa na huko," nikasema. "Omba shule nyingine. Safari hii andika umezaliwa hukohuko. Nani atakuja kuuliza kwangu?"

"Nitakuja mimi!"

Alikuwa Bi Muhuri, jirani yetu. Alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali ya kazi na ajira mpaka akastaafu. Yeye na marehemu mke wangu walikuwa kama ndugu, ndiyo maana huniita shemeji. Siku hiyo alikuja kukagua kochi lake. Nilikuwa nimemcheleweshea wiki tatu.

"Shemeji, utamponza mtoto," akasema. "Akidanganya, siku wakigundua wanavunja mkataba. Anarudishwa na begi lake, na kosa linakuwa lake, si lao."

"Sasa akae tu?"

"Awaandikie walewale waliomkataa." Akamgeukia binti yangu. "Wewe, acha hiyo pua. Waulize kwa adabu: kazi yenu ni kufundisha, au ni kuzaliwa? Taja cheti chako na miaka yako. Omba somo la majaribio, wakupime kama wanavyowapima wengine. Na kila barua itunze. Zipo nchi ambazo sheria inakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya alikotoka. Ukiwa na barua mkononi, una pa kuanzia."

"Hawatajibu hao," nikasema.

"Wewe shona kochi langu."

Walijibu baada ya siku tisa. Mwalimu mkuu alitaka video ya dakika kumi. Binti yangu amfundishe mtu mzima asiyejua Kiingereza kabisa.

"Nitampata wapi?" akasema. Kisha akaniangalia. Bi Muhuri naye akaniangalia.

"Msinitazame hivyo! Mimi shule niliikimbia darasa la tatu."

"Ndiyo maana!" wakasema pamoja.

Bi Muhuri akashika simu, akaanza kurekodi.

"Baba, toa misumari kwanza."

Nikaitema kiganjani. Binti yangu akagusa kochi la mteja mwingine, akalitaja kwa Kiingereza. Akagusa mguu wa kochi uliovunjika, akasema kwa Kiingereza kwamba umevunjika. Nilipojaribu, ulimi ukakwama. Hakucheka.

"Hata mimi nilikwama hapohapo," akasema. "Weka ulimi nyuma ya meno. Taratibu."

Nikasema. Nikarudia, nikanogewa. Mara nikanyoosha kidole kwenye kochi la Bi Muhuri, nikauliza kwa Kiingereza kama nalo limevunjika. Swali hilo hakuna aliyenifundisha. Bi Muhuri nusura aangushe simu.

Barua ya mwalimu mkuu ilikuja wiki iliyofuata. "Tulikosea kukukataa kabla ya kukusikia," aliandika. "Unajua mwanafunzi anakwama wapi. Njoo." Hata tangazo lao walilibadilisha. Sasa wanadai cheti na somo la majaribio, kwa kila mwombaji. Kumbe wakubwa wakiulizwa vizuri wanaweza kufikiri. Sikumwambia Bi Muhuri hivyo. Angevimba kichwa.

Binti yangu ana miezi mitatu kazini. Katika somo la kwanza huwaonyesha wanafunzi wake video yangu. Juzi alinipigia simu akiwa darasani. Sauti thelathini zikaniuliza kwa Kiingereza kama kochi la Bi Muhuri limepona.

Nilitoa misumari mdomoni, nikawajibu: bado.