Mkanyaga Mivukuto

Mota ya kusukuma upepo kwenye mabomba ya kinanda ilizimika katikati ya wimbo, lakini kinanda hakikunyamaza.

Traugott Ilgen, mpiga kinanda wa kanisa lile kwa miaka thelathini na mmoja, ambaye wote walimwita Mwalimu, alilihisi jambo hilo vidoleni. Mngurumo wa mota umekatika, taa yake imezimika, lakini mabomba bado yana pumzi. Pale Thuringia, jimbo la Ujerumani alikozaliwa mtunzi Bach mwenyewe, kila kijiji kina kinanda chake cha kujivunia, na siku hizi kila kinanda kina kamera ya kukirusha mtandaoni. Jumapili ile ya Majilio, saa kumi alasiri, watu mia tatu walikuwa wakitazama mubashara kutoka majumbani mwao. Kanisani hamkuwa na mtu ila yeye na binti yake Friedegard, aliyekuwa chumba cha nyuma, chini ya ngazi, na simu yake kama kamera ya pili, akiwaonyesha watazamaji mivukuto ya zamani, ile mifuko ya upepo iliyokanyagwa kwa mbao.

Kabla ya wimbo huo Traugott alikuwa ameleta mzaha. "Jamani, zamani tukitaka upepo tulivuta hiki!" Akavuta kishikio, na kengele ya kumwita mkanyaga mivukuto ikalia kule nyuma. Ilikuwa haijalia tangu mota iliponunuliwa.

Sasa akasikia: kwata… kwata… Mbao zinashuka, zinapanda. Harufu ya ngozi ya kondoo iliyolowa ikamjia.

"Frieda?" alinong'ona, vidole vikiendelea. "Ni wewe unakanyaga, mwanangu?"

Akatupa jicho kwenye skrini iliyokuwa kando yake, watazamaji walikokuwa wakiandika.

"Mwalimu, huyo mzee wako mpe soseji, anachapa kazi!"

"Mbona anamshika binti mabega?"

"Mchezo gani huu? Wanangu wanalia hapa."

Traugott akaacha kupiga, akakimbia, akajikwaa ngazini, akainuka, na alipousukuma mlango alimkuta Friedegard juu ya mbao, akipanda na kushuka, macho wazi hayapepesi, jasho likimchuruzika mpaka vifundoni, na nyuma yake, mikono juu ya mabega yake, amesimama mzee wa koti la ngozi ya kondoo, Ewald Zitzmann, mkanyagaji wa mwisho wa kanisa lile, ambaye Traugott hakwenda kumzika kwa sababu aliona haya kumtazama mjane wake.

"Baba," Friedegard alisema kwa sauti ndogo, "miguu hii si yangu. Anauliza nani alisema yeye ni mlevi."

Traugott akapiga magoti.

"Ni mimi, Mzee Ewald. Hukuwa mlevi. Ulikuwa na homa, upepo ukakatika mbele ya wageni, nami nikaona aibu. Nikalidanganya baraza la kanisa ili wakuondoe, waninunulie mota. Nimeshiriki meza ya Bwana miaka yote hii na uongo huo tumboni. Binti hajakukosea kitu. Mwachie. Kama ni kukanyaga, nitakanyaga mimi."

Mbao zikatulia. Friedegard akaanguka, akajiburuta hadi mlangoni.

"Baba, twende! Twende, baba!"

"Tangulia, mwanangu. Nami…" Hakumaliza. Mguu wake wa kulia ulikwisha kupanda wenyewe juu ya ubao, wa kushoto ukafuata. Akaanza Baba Yetu kwa sauti, na ubaridi wa koti lile ukampita shavuni, ukatoka, ukapanda ngazi za kinanda taratibu, kama mtu aliyengoja zamu yake muda mrefu mno.

Huko juu muziki ukaanza.

Friedegard aliiokota simu yake sakafuni, akaitazama. Watazamaji walifika elfu mbili, na wote walikuwa wakiandika kwamba Mwalimu hajawahi kupiga vizuri hivyo, aongeze, aongeze tena. Alimvuta baba yake mkono, akamvuta kiuno, hakusogea. Kwenye skrini kamera ya juu ilionyesha kitabu cha nyimbo tu, kimefunguliwa mbele ya kinanda. Kurasa zilizosalia zilikuwa nyingi, na mpigaji hakuwa na haraka.