Jibu Alilopewa Papa Floribert

Kila siku shule ilipotoka, Laurette hakupanda moja kwa moja nyumbani kwao Kadutu, mtaa wa mlimani. Alishuka kwanza hadi Nyalukemba, kwenye ofisi ya kampuni moja ya kusambaza dawa, ambako mama yake, Maman Adélaïde, alifanya kazi ya usafi. Laurette alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi, na mtihani wa taifa ulikaribia. Nyumbani umeme ulikatika siku tatu kwa wiki, hata nne. Ofisini kulikuwa na jenereta, na kulikuwa na Papa Floribert.

Papa Floribert alikuwa fundi wa kompyuta. Chumba chake kilikuwa kidogo na kimejaa nyaya, lakini alikuwa ameondoa visanduku kwenye kona ya meza ili mtoto apate mahali pa kusomea. Mguu mmoja wa kiti cha Laurette ulikuwa mfupi. Siku moja alikuta kipande cha katoni kimekunjwa vizuri chini yake, na kiti hakichezi tena. Papa Floribert aliendelea na nyaya zake.

Ni yeye pia aliyempa neno la siri la wifi, ili aweze kusoma maswali ya mitihani ya zamani katika simu ya mama yake.

"Laurette, hii mot de passe ni ya weye peke yako," alimwambia. "Madame mukurugenzi hapendi tuipe watu ya inje. Nakupa juu ya mitihani tu. Unasikia?"

"Nasikia, Papa."

Alisikia kweli. Lakini darasani aliketi na Emmanuella, ambaye tangu mwaka uanze alikuwa akimkatia nusu ya mkate wake kila mapumziko. Emmanuella alipojua kwamba rafiki yake anapata maswali ya mitihani bure, alinuna.

"Kumbe weye uko vile! Mukate yangu unakula, lakini numero munane tu unanifichia?"

Kwenye barabara yao Kadutu, nyumba iliyokuwa na bomba iliziachia nyumba zote kuchota maji, na aliyekataa alisemwa hadi mlangoni pa kanisa. Laurette aliona haya. Alichukua kalamu, akaandika zile nambari nane kwenye kiganja cha Emmanuella.

Baada ya wiki mbili, vijana walianza kuegemea ukuta wa ofisi kila mchana, simu mkononi, wakitazama filamu na mpira. Laurette aliwatambua wawili. Walikuwa rafiki za kaka yake Emmanuella. Mmoja alimpigia kelele, "Aksanti, petite sœur, dada yetu mudogo!" Laurette aliinamisha kichwa, akaingia haraka.

Ndani, mambo yalikuwa yameharibika. Kampuni ilikuwa na tovuti yake ya ndani, ambayo wafanyakazi waliiita "site", nayo ilitumia wifi ileile. Muuguzi wa kijijini alipopiga simu kuomba dawa, karani aliandika maombi yake kwenye site, na watu wa depo, ghala la dawa ng'ambo ya ua, waliyasoma hapo na kupakia gari. Sasa ukurasa mmoja ulichukua dakika nne kufunguka. Karani alibonyeza, akangoja, akaenda kunywa chai, akarudi, akakuta bado.

"Floribert, hii site yako iko inavuta miguu sawa muzee anapanda Kadutu!" alisema.

Papa Floribert hakukasirika. Alichukua daftari, akaandika kila kitu kinachoweza kuifanya site iwe nzito, na kila alichokihakikisha alikifuta kwa mstari. Alizima mashine na kuiwasha. Aliondoa picha za zamani. Alikaa na saa yake mkononi, akapima. Asubuhi ukurasa ulifunguka kwa sekunde mbili. Kuanzia saa saba mchana, dakika nne.

"Mashini haiwezi kuwa muzima asubui na mugonjwa muchana," alijisemea. "Kuna kitu inaingia muchana."

Akageuka.

"Laurette, mutoto yangu. Ile mot de passe, ulimupa mutu?"

Mlango ulikuwa wazi. Katika korido, Maman Adélaïde alikuwa anakamua kitambaa juu ya ndoo. Laurette alifikiri kwamba akisema ndiyo, mama yake atafukuzwa.

"Hapana, Papa."

"Hata rafiki moja? Sitakugombeza."

"Hapana."

"Sawa," alisema Papa Floribert, na akapiga mstari kwenye daftari. Angeweza kuhesabu simu zilizounganishwa na wifi, lakini aliona haina maana kumchunguza mtoto ambaye amekwisha kumjibu.

Kwa siku tatu alitafuta pasipokuwa na kitu. Alitambaa chini ya meza akifuata nyaya. Alibadilisha waya mmoja uliotafunwa na panya, akafurahi, kisha saa saba ikafika na site ikawa nzito tena. Alifungua mashine na kupuliza vumbi hadi macho yakawa mekundu. Hakutoka kwenda kula. Sahani yake ya maharagwe aliisogeza kwenye kona ya Laurette.

"Kula, weye uko na mitihani."

Laurette alikula.

Siku ya tatu, alasiri, karani aliandika maombi ya kituo kimoja cha afya cha upande wa Miti. Site ilizunguka, ikazunguka, kisha ikakatika. Depo hawakuona kitu, na gari likaondoka bila sanduku la Miti.

Kesho yake muuguzi wa kituo hicho alifika mwenyewe kwa pikipiki, katika mvua, na matope hadi magotini. Hakupiga kelele. Maman Adélaïde alimpa kitambaa cha kujifutia, naye akashukuru.

"Jana tulikosa sérum, ile maji ya kutundikia wagonjwa," alisema. "Tulituma watoto wawili ku hospitali ya Kavumu juu ya pikipiki, na homa vile. Walifika, Mungu alisaidia. Lakini mama moja alilia njia yote."

Laurette alikuwa kwenye kona yake. Alisikia yote.

Mchana huo Papa Floribert alirudi mwanzo wa daftari, kwenye mstari alioufuta kwa sababu ya jibu la mtoto. Alihesabu simu na kompyuta zilizounganishwa na wifi. Ofisi ilikuwa na kumi na moja. Alikuta arobaini na tatu. Alibadilisha neno la siri, akabonyeza ukurasa, na ukafunguka kabla hajaondoa kidole. Nje, nyuma ya ukuta, sauti zikapaa: "Eh! Imekatika!" Baada ya dakika chache hapakuwa na mtu.

Hakumtazama Laurette hata mara moja.

Mkurugenzi, Madame Euphrasie, alipoambiwa sababu, aliingia mwenyewe chumbani.

"Nani alitoa mot de passe?"

Maman Adélaïde alisimama mlangoni na ndoo yake, bila kuelewa. Laurette alitazama daftari lake. Papa Floribert alingoja kidogo, kidogo tu, kisha akasema:

"Ni mimi, Madame. Niliipa mutu mwenye sikupashwa kumupa."

"Mutu gani?"

"Kosa ni yangu."

Madame Euphrasie hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Siku ine unaniambia unatafuta, Floribert. Kumbe weye njo ulifungua mulango. Na wale watoto ya Miti? Kazi yako hapa imeisha leo."

Jioni, Papa Floribert alitia vifaa vyake katika mfuko. Alipopita karibu na kona ya meza alisema tu, "Usome vizuri."

Walipokuwa wakipanda njia ya Kadutu, Laurette alisimama katikati ya ngazi za udongo na kumwambia mama yake kila kitu. Maman Adélaïde aliweka kikapu chini. Hakumpiga.

"Kesho asubui tutaenda kwa Madame. Utasema weye mwenyewe."

"Atakufukuza kazi, Maman."

"Afukuze."

Asubuhi Laurette alisema yote mbele ya meza kubwa. Madame Euphrasie alimsikiliza hadi mwisho.

"Aksanti kwa kusema," alijibu. "Lakini Floribert alikatazwa kuitoa, na aliitoa. Hiyo haibadilike. Barua ya kumufukuza imeshaenda kwa wakubwa Kinshasa, na fundi mwingine anaanza juma ijayo. Adélaïde, rudia kazi yako."

Basi baada ya siku chache wakaenda kumtafuta Papa Floribert. Walimkuta pembeni ya soko la Kadutu, chini ya mwavuli mkubwa, akitengeneza simu za watu. Alimpa Maman Adélaïde kiti chake, yeye akakalia kibao. Kabla Laurette hajafungua mdomo, mwanamke mmoja alifika na simu.

"Papa, inakataa kuwaka."

"Iliingia mu maji?"

"Hapana kabisa!" Kisha mwanamke akaona haya, akacheka. "Eeh, Papa, nikudanganye nini. Ilianguka mu sufuria ya sombe."

"Ikaiva?" aliuliza Papa Floribert, na wote wakacheka. Aliifungua, akatoa majani ya muhogo na mafuta, akaikausha. Dakika kumi, ikawaka. Mwanamke alipoondoka, kicheko kilikwisha.

"Papa, unisamehe," alisema Laurette. "Uliniuliza, nikakudanganya."

"Nimekusamehe. Kutoa mot de passe ilikuwa kosa ya mutoto, na mimi nilianza kukosa mbele yako. Lakini siku ile nilikuuliza, nilikuwa nimeshafika karibu. Jibu yako ikanirudisha nyuma. Nilikuamini, nikatafuta kwenye hakuna kitu, na gari ya Miti ikaenda bule." Alifuta bisibisi yake polepole. "Sitakwambia ni kitu kidogo. Mama ya watoto yangu bado ananipigia shati pasi kila asubui. Sijamwambia."

Laurette alilia. Papa Floribert alimwacha alie.

Njiani kurudi, Maman Adélaïde alimshika mkono kama alipokuwa mdogo, lakini uso wake ulikuwa mgumu.

"Sikia, mutoto yangu," alisema. "Ulifanya vizuri kusema, na sikatae. Lakini mutu akikuuliza, umwambie ukweli siku ileile anakuuliza. Ukweli ya kuchelewa inakutolea weye muzigo mu roho. Ule mwenye uliumiza, haimurudishie kazi."