Gari Pamoja na Dereva

Hesabu ya kwanza ilitoka ishirini na watatu, na Mama Orodha akajicheka mwenyewe. Kwaya ilikuwa na watu ishirini na wawili. Majina yao yote alikuwa nayo mkononi, kwenye karatasi iliyobanwa juu ya kibao, kila jina na alama yake ya kalamu. Akarudi mlangoni, akaanza upya kupita kati ya viti akigusa mgongo wa kila kiti chenye mtu, kama alivyofanya kila safari kwa miaka kumi na mmoja. Ishirini na watatu tena.

"Mume wangu, hebu ngoja kidogo."

"Nini tena? Watu wanatakiwa jukwaani saa nne."

"Hesabu imezidi."

"Bora izidi kuliko ipungue," mumewe akasema, na kwaya nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka, kwa sababu mtu mzima hasimamishi safari kwa kutojua kuhesabu.

Lakini kuhesabu alikujua, na ndiyo iliyokuwa sifa ya basi lao. Lilikuwa kosta jeupe la viti ishirini na nane, ukiacha cha dereva na kile cha kukunja cha mlangoni alipokaa yeye. Mtu akikodi kwao, hukodi gari pamoja na dereva, na mke wa dereva juu yake. Waalimu, wauguzi, watu wa harusi, watu wa msiba, wote waliwachukua, na haijatokea hata siku moja wakamsahau mtu njiani. Mume watu walimwita Taratibu, kwa kuwa neno hilo aliliandika nyuma ya gari akalitii kuliko alivyomtii mkewe.

Siku ile ya kwaya kulikuwa na harufu ya chokaa mbichi ndani ya gari, kama ya chumba kilichopakwa jana na kufungwa. Wakiwa njiani, waimbaji wakiimba, dirisha la nyuma kabisa likafunguka, likafungwa. Likafuata la mbele yake, kisha la mbele yake tena, mpaka yote ya upande ule yakaisha. Mama Orodha akageuka kumkemea anayechezea madirisha, akakuta kila mtu mikono yake ipo mapajani.

Juma lililofuata walikodiwa na wauguzi waliokuwa wakienda kwenye semina. Mmoja wao alikuwa wifi yake, dada wa mume, mwanamke mwenye maneno mengi na asiyeogopa kitu isipokuwa kuchelewa kula. Waliposimama kunyoosha miguu, wifi akamvuta kando.

"Wifi, huyo uliyemkalisha dirishani kwangu ni nani? Tangu tutoke sijapata hata itikio la salamu."

"Dirishani kwako hapana mtu. Kiti hicho ni kitupu."

Wifi akacheka, kisha akamtazama usoni na kicheko kikamkauka.

"Basi hicho kitupu kinanisukuma," akanong'ona. "Kinabonyeza kiti changu, kinabonyeza chake. Kimefunga mkanda na kuufungua, nimeuona kwa macho yangu. Usiniambie nimelala, mimi ni mtu wa zamu za usiku, nalijua lepe la usingizi na naijua akili timamu."

Mama Orodha akaanza kuwapandisha wauguzi garini. Aliogopa, naye hakutaka wateja wajue kwamba ameogopa.

Wakati wa kurudi ndipo ubavu wa gari ulipogongwa. Kazini kwao pigo moja ni simama, mapigo mawili ni twende, na mkono unaogonga ni wa Mama Orodha. Safari hii mikono yake ilikuwa imeshika kibao. Taratibu akakanyaga breki kwa nguvu katikati ya mteremko, wauguzi wakarukiana, mikoba ikamwagika.

"Nani kakugongea?" Mama Orodha akauliza.

"Si wewe?"

Ubavu ukagongwa mara mbili, naye Taratibu akaondoka bila kumtazama mkewe.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Kila safari pigo lilisikika, na kila liliposikika Taratibu alisimama, iwe kwenye kona, iwe juu ya daraja, na abiria wakilalamika alijibu kwa upole kwamba amegongewa. Kisha akaanza kubaki ndani ya gari hata likiwa limeegeshwa uani. Mchana mmoja mkewe alimkuta ameshika usukani, injini imezimwa, jasho linamtiririka, na chakula alichomwekea mezani kimeshapoa.

"Njoo ule, baba."

"Siwezi kushuka. Nina mteja."

"Mteja gani? Leo hatujakodiwa."

"Nimekodiwa mimi, mke wangu." Akasema hivyo polepole, macho mbele, kama mtu anayeona barabara. "Nikishuka hatapenda."

Ilibidi Mama Orodha na wifi wamtoe kwa kumkokota, mmoja mkono huu na mwingine ule, na alipofika ndani vidole vyake vilibaki vimepinda, vimeshika usukani usiokuwepo. Kesho yake akarudi garini kabla hawajaamka. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na shati lilimning'inia. Mama Orodha alikaa jikoni akalia, kwa sababu aliona wazi kwamba mumewe anachukuliwa, kidogo kidogo, naye yuko hapohapo anamwona.

Wifi ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa maneno, ambaye hakutaka hata kukaribishwa kiti. Alizunguka gari mara moja, akanusa mlango, akatema mate.

"Kabla hesabu haijaharibika mlisimama wapi?"

Mama Orodha hakuhitaji kufikiri, alikuwa akilikimbia jibu hilo siku zote. Ilikuwa safari ya waalimu wastaafu. Wakati wa kurudi walisimama kwenye machimbo ya chokaa yaliyoachwa, mvua ikiwa inatishia. Kichwa kilikuwa kinamgonga, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akakaa bila kuhesabu. Mumewe, ili kujiridhisha, akapiga honi mara tatu, akatoa kichwa dirishani, akawapigia ukelele mawe: "Aliyebaki apande, tunaondoka!" Nao wote walikuwa wameshapanda. Gari likainama upande wa mlango, kama linavyoinama akipanda mtu mnene, kisha likakaa sawa.

"Nilisema ni upepo," Mama Orodha akasema.

"Mlimwita, akapanda," mganga akasema. "Jini hapandi gari la mtu bila kuitwa. Ana adabu kuliko wengi ninaowajua."

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Mumrudishe. Mdomo uliompandisha ndio utakaomshusha. Abiria gani hapendi kufika kwao?"

Wifi alitaka kwenda, mganga akamkatalia. Wakaondoka watatu, saa nane ya mchana, jua likiwaka. Taratibu aliendesha vizuri mno, hata akapiga mluzi, mambo ambayo hakuwa ameyafanya kwa majuma, na mluzi huo ulimtisha Mama Orodha kuliko ukimya wake wote, maana ulikuwa mluzi wa mtu anayekwenda kazini. Mganga alikaa nyuma ya dereva akisoma maneno yake chini kwa chini. Kule nyuma madirisha yalifungwa moja baada ya jingine, mpaka joto na ile harufu ya chokaa vikawabana pumzi, naye Mama Orodha akakaa kwenye kiti chake cha kukunja akitazama mbele tu, asithubutu kugeuka, asithubutu hata kuhesabu.

Walipofika machimboni wanawake wawili wakashuka kwanza. Hapakuwa na upepo. Kuta za mawe zilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho.

"Sema," mganga akaamuru.

"Umefika," Taratibu akasema, sauti ikimtetemeka. "Shuka."

Gari likainama upande wa mlango, likainuka. Harufu ikatoka nayo, ikapita kati ya wanawake wale wawili, ikapotelea kwenye mawe. Taratibu akaegemea kiti akaangua kilio.

"Ameshuka, mke wangu. Mabega yangu mepesi."

Mama Orodha akacheka na kulia kwa pamoja, akamshika mganga mikono yote miwili, akamshukuru mpaka mganga mwenyewe akaona haya. Ndipo, kutoka ndani ya machimbo, yakasikika makofi matatu, ya mtu anayeita watu wake.

Gari likainama.

Kila kikundi kinachojiheshimu hutuma mtu mmoja mapema kukagua gari. Mama Orodha aliwapokea wakaguzi wa namna hiyo mamia kwa mamia, wakijaribu madirisha, wakijaribu viti na mikanda, wakimwomba dereva azunguke nao waone breki. Akaelewa yote kwa mara moja, naye alipokuwa akielewa gari liliinama na kuinuka, likainama na kuinuka, wengine wepesi kama watoto, wengine wazito hadi vyuma vikalia, na kichwa chake, kwa mazoea ya miaka, kikawa kinahesabu bila ruhusa yake, saba, nane, kumi na moja, huku mumewe akihangaika kuitoa mikono kwenye usukani, akiivuta, akijivuta na mwili mzima, mikono ikibaki palepale, kumi na tisa, ishirini na nne, mpaka gari likatulia. Ishirini na wanane. Limejaa.

"Mikono yangu haitoki," Taratibu akasema.

Mganga alikuwa amemkamata Mama Orodha kwenye mkono wa gauni. "Usisogee," akamnong'oneza, midomo imemkauka. "Wamemtaka dereva. Wewe hawakutaki."

"Nenda nyumbani, mke wangu," mumewe akasema. "Nakuomba."

Alikuwa akimtazama kwa macho yake mwenyewe, yale yale aliyomposea. Mama Orodha alikuwa na hofu, na juu ya hofu hiyo alikuwa na hasira. Hesabu aliyoiacha ilikuwa yake, si ya mumewe. Na akienda sasa, nani atajua kwamba mmoja hajarudi?

Akautoa mkono wa gauni vidoleni mwa mganga. Akapanda. Akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake, na bila kugeuka nyuma akasema kwa sauti ya kazini, kubwa, ili wote wasikie:

"Abiria ishirini na wanane. Tunawafikisha, tunawashusha wote, kisha mimi na dereva wangu tunarudi wawili."

Kisha kutoka viti vya nyuma akajibu mtu, taratibu, kwa heshima zote, kama mteja anayemsahihisha karani.

"Samahani, mama. Sisi tumekodi kwenda tu."