Barua za Mkubwa kwa Afande Pontiani

Ijumaa, alasiri.

Nyuma ya kinu cha mawese, Leonidasi, kiongozi wao, alichora nyumba kwa mkaa sakafuni.

"Kesho iko kazi za jamii. Gatete nzima iko barabarani na majembe, Afande Pontiani mbele. Nyumba yake iko tupu. Abasi anafungua kabati, Yudita anabeba, tunashuka ziwani kwa miguu."

Mali yenyewe? Barua. Wakati wa vita Mkubwa, kamanda wa Pontiani, alimwandikia kwa mkono wake. Sasa Mkubwa kavaa suti ya siasa, anataka zichomwe, ndiye aliyewatuma.

Yudita alikuwa na lake. Kaka yake Yonasi alifia vitani, na Gatete mpaka leo wanamwita msaliti. Mama yao alizikwa bila jirani hata mmoja. Hakufuata faranga huyu.

Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Kufuli halikumsumbua Abasi. Yudita alipekua, akaiona barua aliyoifuata.

"Yonasi wa Gatete amekataa kuchoma nyumba za raia. Mumalize, kisha utangaze ametusaliti."

Aliisoma mara mbili. Akaisokomeza kifuani, nyingine akazitia mfukoni.

Saa tatu.

Wakateremka, majembe begani, raia wema kabisa. Polisi akawasimamisha. Majembe yalikuwa mapya, yanang'aa, hayana hata tope. Jamani, majambazi gani hawa!

"Munatoka kulima wapi?"

Abasi akatupa lake, akatimua mbio. Polisi akamfuata. Leonidasi akamkokota Yudita hadi kwenye michikichi, akatoa bastola.

"Leta zote. Na ile ya kifuani, nilikuona."

"Hii ni ya kaka yangu."

"Najua. Mkubwa alisema nikumalize palepale ziwani."

Hasira zikampanda mpaka macho yakawaka. Alimtandika kwa jembe mkononi. Bastola ikaruka majanini, Leonidasi akapiga yowe. Ziwa lilikuwa kushoto, na mtumbwi ukingoja. Yudita akakimbilia kulia, barabarani kwenye watu.

Saa nne.

Kazi ilikuwa imekwisha, watu wamekusanyika kusikiliza hotuba. Yudita alipanda juu ya lundo la udongo, akasoma barua kwa sauti yote, mpaka jina la chini.

"Afande Pontiani, huu si mkono wa Mkubwa?"

Pontiani alitazama viatu vyake. Polisi wakamfunga Yudita pingu.

"Wewe mwizi!" mmoja wao akafoka.

"Ndiyo, nimeiba! Andikeni!"

Bi Evangelina, jirani aliyekataa kumzika mama yao, akajipenyeza hadi mbele na jembe lake lenye tope. Akasimama kati ya Yudita na gari la polisi.

"Soma tena, mutoto wangu. Kule nyuma hatukusikia vizuri."

Yudita aliinua barua kwa mikono yote miwili, pingu zikilia, akaanza upya.