Dagaa Ndani ya Ufa

— Usiniite mpenzi sasa hivi, Sihaba. Nipe kamba.

Nilimpa. Ilikuwa kamba ya turubai lake, maana hema hana. Luhende alikuwa amelala chini ya turubai hilo juu ya mlima wa mawe, nyuma ya Igoma, akinisubiri nipande asubuhi na chupa ya chai. Mbwa wake, Dagaa, alikuwa ameona pimbi, akamkimbiza hadi katikati ya majabali mawili, akateleza. Sasa tulimsikia tu akilia huko chini.

Luhende alijaribu kuingia. Mabega yakakwama.

— Tuite watu, nikasema.

— Nimempigia rafiki yangu Chenge. Kacheka, kaniambia nitafute mbwa mwingine.

Akakaa juu ya jiwe, akafuta macho kwa kiganja. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

— Wewe unapita hapo, akasema.

Nikarudi nyuma hatua moja.

— Unapita, Sihaba. Wewe mwembamba.

— Siwezi. Unajua kwetu mbwa haguswi.

— Najua. Miezi minane tukitembea naye, wewe unahamia upande wa pili wa njia. Nimewahi kukulaumu?

— Hapana.

— Na leo sikulaumu. Ila akifia humu wewe umesimama na chupa ya chai, sijui nitakutazamaje.

Simu yangu ikaita. Mama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Umeniaga unakwenda Butimba kujisomea na Bushra. Bushra huyu hapa kaja kukuulizia. Uko wapi?

Sauti ya Dagaa ilikuwa imeanza kukatika.

— Nipo mlimani, mama. Nipo na Luhende.

— Luhende ndiye nani?

— Ninayempenda. Mama, mbwa wake amenasa kwenye mawe na ninayepita ni mimi tu. Nisamehe.

Nikakata. Tangu nizaliwe sijawahi kumkatia mama simu.

Nikavua viatu na baibui, nikabaki na suruali na ushungi. Luhende akanifunga kamba kiunoni. Nikaingia. Jabali likanibana kifua mpaka nikadhani sitapumua tena. Chini, macho mawili yakanitazama. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha, nikaunyoosha tena. Alikuwa wa moto, anatetemeka, mwepesi kuliko nilivyofikiri. Nikamkumbatia. Akanilamba kidevu, shavu, hadi jicho.

— Vuta, nikasema. Nilikuwa nalia.

Juu, Luhende alitushika sote wawili na hakutuachia. Viwiko vyangu vilikuwa vinatoka damu.

— Nisamehe, akasema. Sikupaswa kukuambia vile.

— Ulisema kweli.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa mama: "Umemgusa?"

Nikaandika: "Ndiyo, mama. Amenilamba mpaka usoni."

Alianza kuandika, akaacha, akaanza tena. Nilikaa pale kama anayesubiri hukumu.

"Usipite sebuleni. Zunguka uani, nimeweka maji na udongo. Utajiosha mara saba, ya kwanza kwa udongo. Nguo hizo pia. Baba yako bado hajui, nami sijui nitamwambia nini. Huyo Luhende aje leo nimwone. Mbwa abaki nje ya geti."

Luhende aliusoma mara mbili.

— Leo hii?

— Leo.

— Sasa mimi nikifika naanza kwa kumwambia nini?

— Shikamoo.